Dripu na Kidonge: Istilahi za Tiba ya Bakteria Walioingia Damuni

Miongoni mwa kazi zilizoletwa mezani petu ili zihakikiwe kabla ya kupigwa chapa ilikuwamo karatasi ya kurasa nne, iliyokusudiwa wagonjwa wanaoruhusiwa kwenda nyumbani kabla ya kumaliza matibabu yao. Iliwahusu watu ambao bakteria wameingia katika damu yao, wakalazwa, wakatiwa dawa kwa dripu siku chache, na sasa wanapewa vidonge ili wakamalizie tiba kwao. Karatasi hiyo ilikuwa tafsiri kutoka Kiingereza. Mfasiri wake alikuwa mtu wa bidii, na sarufi yake haikuwa na kasoro ya kutajika. Tulimpa mwenzetu mmoja wa ofisini, asiye na elimu ya utabibu, aisome kisha atueleze alichokielewa. Alituambia hivi: kwamba kuna mgonjwa wa mshipa aliyeambukizwa kwa damu, kwamba dawa yake ya kwanza ilikuwa kali, sasa anashushiwa iliyo hafifu, kwamba hiyo hafifu inapatikana kwa asilimia 99, na kwamba ataimeza saa nane ya kila siku.

Hakuna hata jambo moja katika hayo lililokuwamo katika Kiingereza, wala kosa halikuwa la msomaji. Kila neno lililompoteza ni neno safi la Kiswahili, isipokuwa limepewa kazi ambayo halikuwa limeandaliwa. Katika makala haya tunakusudia kuyachungua maneno hayo, na ili kuyachungua hatuna budi kwanza kuieleza tiba yenyewe, kwa maana mtu hawezi kuchagua istilahi ya jambo asilolifahamu.

Tuanze na jina la ugonjwa. Karatasi ile iliuita "maambukizi ya damu". Kwa mantiki maneno haya yana haki yake, kwani damu ndiyo iliyoingiliwa. Lakini tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, umma umefundishwa kwa miaka mingi juu ya maambukizi kwa njia ya damu, yaani ugonjwa unaotoka kwa mtu huyu kumwendea yule. Mgonjwa anayesoma "una maambukizi ya damu" ana kila sababu ya kushtuka, na mkewe pia. Jina la zamani, "sumu katika damu", linamfanya mtu afikirie kulishwa kitu. "Damu chafu" nalo watu hulitumia kwa majipu, kwa vipele, hata kwa magonjwa ya zinaa. Sisi tunapendelea kusema kwa urefu kidogo: "maambukizi ya bakteria ndani ya damu". Ni maneno sita badala ya matatu, lakini yanamtaja adui na mahali alipo.

Yafaa pia kuitenga hali hiyo na sepsisi, ambayo wafasiri wengi huichanganya nayo. Bakteria wanaweza kuingia katika damu kwa muda mfupi bila kuleta madhara. Hutokea hata mtu apigapo mswaki. Na mtu anaweza kupata sepsisi kutokana na nimonia ilhali damu yake haina bakteria hata mmoja. Mwaka 2016 jopo la wataalamu wa kimataifa liliifafanua sepsisi kuwa ni hali ya kuhatarisha maisha, ambapo mwili unaitikia maambukizi kwa namna iliyovurugika hata viungo vyake wenyewe vikaanza kushindwa kazi. Kwa hiyo la kwanza ni habari ya nani yumo katika damu, na la pili ni habari ya jinsi mwili ulivyopokea vita hivyo.

Habari ya nani yumo katika damu hujulikana kwa kuchukua damu na kuiweka katika chupa yenye lishe, ili bakteria waliomo wakue hadi waweze kutambuliwa na kujaribiwa dawa. Mafundi wa maabara husema "kuotesha", nalo ni neno zuri, maana mkulima na mtaalamu wote wanalielewa. Tunalitaja kwa sababu tumeshaona rasimu iliyoandika "utamaduni wa damu". Mfasiri alifungua kamusi, akachukua maana ya kwanza, akaendelea na safari.

Sasa tuje kwenye mshipa, maana hapa ndipo penye matope. Kiswahili cha kawaida kinaliita "mshipa" jambo lolote mwilini lililo kama kamba: bomba la damu inayokwenda moyoni, bomba la damu inayotoka moyoni, neva, wakati mwingine hata kano. Zaidi ya hayo, kusema mtu "ana mshipa" ni kusema ana ngiri au busha. Kwa hiyo "dawa ya mshipa" kwa sikio la mtu wa Pangani au Lamu ni dawa ya maradhi hayo, na mwenzetu wa ofisini hakukosea hata chembe. Vitabu vya biolojia vya shule vimeshazoea "vena" na "ateri", na kwa maandishi ya wataalamu hatuoni sababu ya kuyaacha: "dawa ya kutiwa kwa vena". Kwa mgonjwa inatosha "dawa ya dripu", au "dawa inayotiwa katika mshipa wa damu". Kihusishi kile cha mahali na neno lile "damu" ndivyo vinavyookoa maana.

Neno "sindano" peke yake halitoshi. Sindano ya msuli na sindano ya vena ni njia mbili mbalimbali, na tofauti yake si ya kielimu tu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto mchanga wa chini ya miezi 2 mwenye dalili za maambukizi makali, ambaye wazazi wake hawawezi kumfikisha hospitali, atibiwe karibu na kwao kwa sindano ya jentamisini pamoja na amoksilini ya kunywa. Mwongozo huo ulitokana kwa sehemu na majaribio yaliyofanywa Kenya, Nigeria na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Sindano iliyokusudiwa hapo ni ya msuli, ambayo mhudumu wa zahanati anaweza kuitoa. Mfasiri akiandika "sindano" bila kufafanua, msomaji mmoja atatafuta msuli na mwingine atatafuta vena, na mgonjwa wao ni mtoto wa siku 10.

Kuhusu njia ya pili, watu husema "kunywa dawa" hata kama ni kidonge, na hatuna ugomvi nao. Katika maandishi ya kitaalamu tungependa "dawa ya kumeza" iwe ya vidonge na kapsuli, "dawa ya kunywa" iwe ya maji, na "kwa njia ya kinywa" ijumuishe zote.

Je, dawa ya dripu ina nguvu kuliko ya kumeza? Wasomaji wetu wengi watajibu upesi kwamba ndiyo, na imani hiyo ina historia. Katika miaka ya 1920 kampeni za kutibu buba huku Afrika Mashariki zilitumia sindano, na vidonda vya miaka vikakauka kwa muda mfupi. Sifa ya sindano ikaenea vijijini tangu hapo. Penisilini nayo ilianza kwa sindano. Mwezi Februari 1941, mjini Oxford, askari polisi Albert Alexander, aliyekuwa mahututi kwa maambukizi ya bakteria, alitiwa dawa hiyo kwa vena. Akapata nafuu kubwa. Dawa ilikuwa chache mno hata ikawa inatolewa tena katika mkojo wake ili itumike mara ya pili. Ikaisha, ugonjwa ukarudi, naye akafariki mwezi Machi. Dawa ile ilitiwa kwa sindano kwa sababu tindikali ya tumbo huiharibu. Katika miaka ya 1950, huko Austria, ikapatikana aina ya penisilini inayostahimili tindikali, nayo ikamezwa. Hapo njia ilibadilika kwa sababu dawa ilibadilika.

Kwa hakika, kiuavijasumu kikishafika katika damu, bakteria hawajui kilipita mlango gani. Swali linalofaa kuulizwa ni hili: katika kile kilichomezwa, ni kiasi gani kilichofika? Kidonge hupita tumboni, hufyonzwa utumboni, hupita katika ini, ndipo kiingie katika mzunguko wa damu ya mwili mzima. Njiani kinaweza kupunguzwa. Dawa ya dripu haipunguzwi, kwa kuwa imetiwa ndani ya damu moja kwa moja. Wataalamu wa dawa wana istilahi ya kipimo hicho, na mfasiri wetu aliiandika "upatikanaji". Ndiyo asili ya ile "inapatikana kwa asilimia 99". Maandishi ya asili yalikuwa yanasema kwamba levofloksasini ikimezwa, kiasi cha asilimia 99 hufika katika damu. Neno "upatikanaji" limeshashikwa na maduka na bohari za dawa, na hatuoni kwamba litawaachia maabara. Tunapendekeza "ufikaji damuni". Halina uzuri mkubwa masikioni, lakini halina mwenyeji mwingine.

Kwa istilahi hiyo mtu anaweza kueleza mengi kwa ufupi. Ufikaji damuni wa linezolidi ni karibu asilimia 100. Wa siprofloksasini ni kama asilimia 70, na ndiyo maana kipimo chake cha kumeza huwa kikubwa kuliko cha vena. Jentamisini na vankomisini zikimezwa hazifiki damuni kwa kiasi cha kufaa. Vankomisini ya kumeza hutumika kwa ugonjwa wa utumbo wenyewe, ambamo hubaki. Seftriaksoni ni ya sindano tu. Na ipo dawa moja iliyowahi kuigeuza imani yetu juu chini. Mwaka 1948, huko Kuala Lumpur, kloramfenikoli ilitumiwa kwa mara za kwanza kutibu homa ya matumbo, ugonjwa ambao bakteria wake huzunguka katika damu. Ilimezwa, na wagonjwa wakapona. Baadaye ilipotengenezwa ya kutiwa kwa vena, ikaonekana kwamba sehemu yake hutoka kwa mkojo kabla haijageuka kuwa dawa kamili, hivyo kiwango chake katika damu aghalabu huwa chini ya kile cha aliyemeza. Leo usugu wa bakteria umeipunguzia kazi dawa hiyo, lakini mfano wake unabaki: muda mrefu kabla ya mjadala wa sasa, maambukizi ya bakteria ndani ya damu yalikuwa yakitibiwa kwa kinywa, huku sisi tukiendelea kusema kuwa ugonjwa wa damu unataka sindano.

Ushahidi wa miaka ya karibuni umeongeza uzito. Mwaka 2019 ulichapishwa uchunguzi wa kumbukumbu za hospitali za Marekani juu ya wagonjwa 1,478 waliokuwa na bakteria wa jamii ya utumbo katika damu. Waliohamishiwa dawa ya kumeza ndani ya siku 5 za kwanza za tiba walilinganishwa na waliobaki na ya vena. Waliofariki katika siku 30 walikuwa asilimia 13.1 kwa kundi la kwanza na asilimia 13.4 kwa kundi la pili, na waliomeza walitoka hospitali mapema zaidi. Huo ulikuwa uchunguzi wa kumbukumbu, si jaribio la kuwagawa watu kwa nasibu. Jaribio la namna hiyo lilifanywa Denmark kwa wagonjwa 400 wenye maambukizi ya vali za upande wa kushoto wa moyo, ambayo ni katika maambukizi mabaya kabisa. Baada ya kutulia kwa dawa ya vena, nusu yao walihamishiwa mchanganyiko wa dawa za kumeza. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba waliopatwa na kifo au madhara makubwa yaliyohesabiwa walikuwa asilimia 12.1 kati ya waliobaki na vena, na asilimia 9.0 kati ya waliomeza.

Msomaji asitoke hapa akidhani kwamba dripu imepitwa na wakati. Mgonjwa ambaye shinikizo lake la damu limeanguka, anayetapika, au ambaye utumbo wake haufanyi kazi, hana njia nyingine. Saa zake za kwanza ni za vena. Maambukizi ya utando wa ubongo hayaingii katika mjadala huu. Bakteria aitwaye stafilokoki dhahabu huogopwa kwa tabia yake ya kujificha katika mifupa na moyo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2024, la wagonjwa 213 wa Ulaya, lilionyesha kwamba kuhamia dawa ya kumeza baada ya siku 5 hadi 7 kulifanya kazi sawasawa na kubaki na vena, lakini wagonjwa hao walichaguliwa kwa uangalifu mkubwa kuwa wenye hatari ndogo. Kwa bakteria wa Gram hasi waliotoka katika njia ya mkojo, daktari huwa na ujasiri zaidi, iwapo homa imeshuka, chanzo kimeondolewa, uoteshaji umeonyesha dawa inayowaua, na mgonjwa anaweza kumeza. (Gram hapa ni jina la Hans Christian Gram, daktari wa Denmark aliyevumbua njia ya kuwatia rangi bakteria mwaka 1884. Mwandishi akiandika "gramu hasi" anauza sukari.)

Basi turudi kwenye "kushusha". Kiingereza cha hospitali hutumia picha ya kushuka ngazi kwa hatua hii ya kutoka vena kwenda kinywani, na mfasiri aliifuata picha hiyo: "mgonjwa atashushiwa dawa". Tunaliona neno hili kuwa ndilo lenye madhara kuliko yote katika karatasi ile. Anayeshushwa amepunguziwa. Mgonjwa aliyeruhusiwa huku akiamini kwamba amepewa dawa ya chini atafanya moja katika mambo mawili: ataviacha vidonge akipata nafuu, kwa kuwa hata hivyo si dawa ya maana, au atakwenda duka la dawa kumwomba muuzaji amchome sindano. Kumbe daktari alimhamisha kwa sababu amepata nafuu, na kwa sababu kila siku ya ziada yenye kanula mkononi ni siku ya ziada ya mlango ulio wazi, ambao bakteria wengine wanaweza kuuingilia wakafika katika damu ileile. Kiswahili kina "kuhamia" na "kubadili njia", na hayana juu wala chini. Tumeandika: "Sasa utahamia dawa ya kumeza, ambayo daktari ameichagua kwa sababu inafika vizuri katika damu."

Kufika huko kuna masharti yake, na karatasi iliyaeleza kwa sentensi moja: "Usitumie pamoja na madini." Ni tafsiri sahihi isiyomsaidia mtu. Levofloksasini na siprofloksasini zikikutana tumboni na chuma, kalisi au magnesi hushikamana nazo zisifyonzwe ipasavyo. Katika nyumba zetu chuma hicho ni vidonge vya kuongeza damu, kalisi ni maziwa, magnesi ni dawa ya kiungulia. Na ni nani atakayekumbuka vidonge vya kuongeza damu upesi kuliko mtu aliyeambiwa kuwa ugonjwa wake uko katika damu? Hapa tulifuta "madini", tukavitaja vitu vyenyewe.

Limebaki suala la saa. Maandishi ya Kiingereza yalitaka dawa nyingine, amoksilini, imezwe mara tatu katika saa 24 kwa nafasi zilizo sawa. Mfasiri akaandika "kila saa 8". Kwa Mswahili saa nane ni saa nane, ya mchana au ya usiku, na dawa ya mara tatu imekuwa ya mara moja. Neno "baada" lingetosha kuponya: "kila baada ya saa 8". Lugha yetu ya zahanati, "moja kutwa mara tatu", ina tatizo la upande wa pili. Kutwa ni tangu asubuhi hadi jua kuchwa. Anayeitii kwa dhati atameza vidonge vitatu kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, kisha apitishe usiku kucha bila kitu. Dawa za jamii ya penisilini hufanya kazi kwa kadiri ya muda ambao kiwango chake katika damu kinabaki juu ya kile kinachowazuia bakteria, hivyo usiku mtupu ni fursa kwao. Hatutazamii kuiondoa "kutwa mara tatu" midomoni mwa watu. Katika maandishi ya viuavijasumu, tunashauri saa zenyewe zitajwe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku.

Neno moja limetushinda, nalo ni "dozi". Mitaani, "maliza dozi" maana yake ni tiba nzima tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Katika vitabu vya madaktari dozi ni kile kinachomezwa kwa mara moja. Karatasi ile ilikuwa na sentensi mbili zinazofuatana, "ukikosa dozi moja imeze ukumbukapo" na "usiache kabla ya kumaliza dozi", na kila moja ilikuwa na dozi yake. Umuhimu wa jambo hili umeongezeka kwa kuwa urefu wa tiba wenyewe unabadilika: jaribio la wagonjwa 3,608 lililochapishwa mwaka 2024, ambalo halikuwahusisha wenye stafilokoki dhahabu, lilionyesha kwamba siku 7 za viuavijasumu hazikuwa duni kwa siku 14. Daktari anayepunguza siku asionekane kuwa amekatiza dozi. Tulijaribu "kipimo" kwa maana ya kwanza, tukakumbuka kwamba kipimo ni pia kile cha maabara. Tulijaribu "mkupuo", wauguzi wawili tuliowauliza wakacheka, wakasema mkupuo ni wa pombe. Kwa sasa karatasi imerudishwa kwa wenyewe ikiwa na "kidonge cha saa hiyo" mahali pa kwanza na "siku zote ulizoandikiwa" mahali pa pili. Walimu wa vyuo vya uuguzi na wafamasia wenye neno linalotumika kwao kwa maana hizi mbili tunawaomba watuandikie kabla ya kikao kijacho cha kamati ya istilahi za tiba.